Mitingi za NA za mtandaoni: maoni yangu tangu enzi za lokdauni

Nyota nne kati ya tano, ile moja ntaeleza kwa nini nimeibania.

Kwa asojua, NA ni Narcotics Anonymous, watu wanaosaidiana kuacha madawa ya kulevya, wale wa programu ya hatua 12, walianza California 1953, bure kabisa, sharti ni moja tu uwe wataka kuacha. Mimi yangu yalikuwa unga, heroini. Nlizoea mitingi za kukaa vitini, ikaja korona 2020, kafyu Machi, Mombasa ikafungwa Aprili, Mei sisi wa Mji wa Kale tukafungiwa mtaa mzima na ni Ramadhani hiyo, misikiti imefungwa, hakuna tarawehe hakuna baraza. Kwenye programu twafundishwa kuchunga vitu vinne: njaa, hasira, upweke na uchovu. Haya hesabu mwenyewe mwezi ule tulikuwa navyo vingapi.

Huduma yenyewe ni rahisi, waingia virtual-na.org, wachagua mitingi, wabonyeza uko ndani. Za Kiingereza ziko usiku na mchana, ukiamka saa tisa usiku na hamu imekushika koo utakuta watu macho. Ya Kiswahili tulijitengenezea wenyewe kwa grupu la WhatsApp na akaunti ya bure ya Zoom, ile hukata dakika 40, kwa hivyo mwenye kushea awe mfupi jamani. Na vaa vya masikioni, nyumba zetu hizi jirani asikia mpaka ukikohoa.

Ila simu ile ile yenye linki ndo yenye namba ya pusha, na pusha hajui lokdauni. Badilisha laini kwanza wallahi, ndo ununue bando.

Sasa ile nyota. Ni kamera. Mtu azima kamera azima maiki asinzie zake na stimu, nani atajua? Kwenye vitini kabla hujakaa mtu kashakutazama mboni za macho. Tulikuwa na mwenzetu kila siku aandika "nipo" kwenye chati, nipo, nipo, kumbe karudi kwenye unga kitambo. Baada ya hapo mwenyekiti akaleta mtindo, mwanzo wa mitingi kila mtu afungua kamera aseme amekula nini leo. Amekula nini tu! Utashangaa mtu asivyoweza kudanganya kuhusu chakula huku uso wake unaonekana.

Lakini kinachofanya kazi hasa ni baada ya mitingi, zile namba mnazopeana. AA yenyewe (Alcoholics Anonymous, ya walevi wa pombe), mama wa hizi zote, ilianzia kwenye simu: Mei 1935 Bill Wilson, mlevi alokuwa kaacha, yuko hotelini Akron, Ohio, dili limekufa, baa iko palepale, akaanza kupigia makanisa mpaka akaunganishwa na Dr. Bob, daktari wa upasuaji na mlevi mwenzake, hao wawili ndo waanzilishi. Mimi sponsa wangu, yule mwenzangu alotangulia kuacha anishikaye mkono, nampigia hata sina la kusema, twaongea mpira.

Tahadhari moja, mlevi wa kila siku asikate ghafla peke yake chumbani akitegemea Zoom, arosto ya pombe, yale mateso ya mwili ukiikosa, huleta degedege na inaua, huyo hospitali kwanza. Wa unga naye aulizie methadoni, dawa ya hospitali ya kutuliza arosto, mitingi haziondoi arosto.

Mabaharia, askari wa usiku, mlio kazini Arabuni, hizi zawafaa sana. Siku ya kwanza kamera ikizimwa ruksa, ya pili tutakuuliza umekula nini.