Convenience Store Woman: riwaya ya kusikilizwa kuliko kusomwa

Anayesita kati ya nakala ya karatasi na kitabu cha sauti, kwa riwaya hii ya Sayaka Murata achukue sauti. Inaanza na milio: kengele ya mlangoni, mashine ya kusomea bei, nailoni za mikate zinachakarika, viatu vya wateja sakafuni. Mteja anatia mkono mfukoni, sarafu zinalia, na Keiko Furukura, muuzaji wa miaka 36, anajua kabla hajaambiwa: huyu huenda anataka sigara au gazeti. Anawahi kaunta.

Kijapani inaitwa Konbini Ningen, na ilipata Tuzo ya Akutagawa mwaka 2016. Tafsiri ya Kiingereza ni ya Ginny Tapley Takemori, 2018. Toleo la sauti ninalolizungumzia limesomwa na Nancy Wu, saa 3 na dakika 20 hivi. Konbini ni duka dogo la saa 24, na mle ndani wauzaji hupaza sauti “Irasshaimase!” kila mteja anapoingia, kama sisi tunavyosema karibu mteja. Mfasiri ameliacha neno hilo lilivyo, uamuzi mzuri sana, maana kwa sikio linageuka kuwa mpigo wa kitabu kizima.

Kasi iache kwenye 1.0, hasa dakika 15 za kwanza. Ukiweka 1.5 maneno utayapata, ila ule utulivu wa Keiko utaupoteza, na kitabu kimeegemea hapo. Mfano ni ndege aliyekufa bustanini, Keiko akiwa bado mtoto. Watoto wenzake wanalia. Yeye anamwambia mama yake wamchome wamle, kwa kuwa baba anapenda yakitori, yaani mishikaki ya kuku. Sentensi hiyo inataka nafasi ya kupumua baada yake. Ikipita mbio, inabaki kichekesho tu.

Kinachowapoteza wasikilizaji wengi ni majina. Yaandike mapema: Izumi, miaka 37, na Sugawara, miaka 24, wote wenzake Keiko dukani, na Shiraha, mwanamume anayeajiriwa baadaye. Keiko anasema yeye mwenyewe ni asilimia 30 Izumi, 30 Sugawara, 20 meneja, na zilizobaki ni za wafanyakazi waliopita. Anaiga mpaka namna yao ya kuongea. Usipowatofautisha Izumi na Sugawara, huwezi kusikia anapoazima lafudhi ya nani.

Riwaya haina sura. Ukiona namba za sura kwenye programu, usizichukulie kama mgawanyo wa mwandishi. Weka alama yako mwenyewe kila unapoacha, na kipima muda cha kulala kisizidi dakika 20. Kuhusu bando: faili la kilobiti 64 kwa sekunde linakula karibu MB 96, la 128 linakula mara mbili yake. Lipakue lote kabla, kwa sababu mtandao ukikatika katikati ya orodha ya milio, ladha inaharibika.

Udhaifu upo. Shiraha anarudia tena na tena hoja yake kwamba jamii haijabadilika tangu Enzi ya Mawe, na kwenye karatasi macho yangeruka, sikio haliruki. Hapo tu ndipo ninaporuhusu 1.2.

Dakika 15 za mwisho zisikilize kwa hedifoni, bila kuosha vyombo wala kuendesha gari. Milio ya mwanzo inarudi, na safari hii Keiko anaisikia kama mtu anayeitwa jina lake.