Uzoefu wangu: kupima masikio kabla ya kununua shimesikio, kifaa cha kusaidia kusikia (Mwanza)

Nina mashine ya kusaga Igoma, mwaka wa 19 huu. Mteja akisema debe sita, mimi naandika tisa, ugomvi unaanza. Sauti ya mtu naisikia, maneno ndiyo siyapati, hasa ya watoto.

Kosa langu, nilianzia dukani. Nikauziwa vifaa viwili kwa shilingi 140,000 bila mtu hata kunichungulia sikio. Vinakuza kila kitu: sufuria, bodaboda, upepo wa ziwani. Cha kulia kikawa kinapiga mluzi kama filimbi ya refa. Siku tatu tu, nikavivua.

Shemeji ndiye aliyenisukuma kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akaingiza kitochi chake kulia, akacheka: "Mzee wangu, huku kumezibwa na nta." Kumbe sauti ilikuwa inagonga nta na kurudi kwenye kifaa, ndiyo ule mluzi. Akaniuliza kama napata kizunguzungu, kama sikio limewahi kutoa usaha au kuziba ghafla, na kama nimewahi kuchomwa sindano ya jentamaisini, dawa inayoweza kudhuru masikio. Kupima, hapana: nenda na matone ya kulainisha nta, rudi baada ya siku tano. Nauli mara mbili, na foleni tangu saa moja asubuhi hadi saa sita. Hilo sikulipenda.

Niliporudi, nta ikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, kikatoka kipande cheusi sawa na punje ya harage. Kisha nikafungiwa kwenye kichumba kisichopitisha sauti, hedifoni masikioni, kitufe mkononi: ukisikia mlio hata kwa mbali, bonyeza. Kimya kile! Nilisikia moyo wangu unavyodunda, na mara mbili nilibonyeza mlio ambao haukuwepo.

Majibu ni mchoro kwenye karatasi, viduara vyekundu sikio la kulia, alama za x za bluu la kushoto. Mistari yote inakwenda vizuri, ikifika hezi 4000, yaani kwenye sauti nyembamba, inaporomoka. "Hii ni kazi ya kelele za mashine yako," daktari akasema. Kilichokufa hapo hakirudi, ila shimesikio linaweza kurekebishwa likuze zaidi zile sauti nyembamba zilizopotea.

Ninayo sasa, yamesetiwa kwa karatasi ile ile. Bei inauma, na betri zake zenye kibandiko cha kahawia zinamaliza wiki moja hivi. Mashine ikiwaka nayavua, navaa vizuia kelele.

Sita naisikia sita. Kijiweni kwenye kahawa, watu wakiongea wote kwa pamoja, bado naambulia kucheka wenzangu wakicheka.