Modeli ya plastiki ya Jua, Dunia na Mwezi: inunue, lakini uitengeneze kwanza

Kwa mwalimu wa Jiografia wa Mtwara au Lindi, modeli hii ya kuzungusha kwa mkono ina kazi moja inayoifanya vizuri kuliko mchoro wowote ubaoni: kuonyesha jua la utosi, yaani jua likiwa juu kabisa ya kichwa adhuhuri. Kazi nyingine inababaisha, na hata hiyo moja haiiwezi ikitoka kwenye boksi ilivyo.

Ina balbu katikati, mkono wa sentimita 25, globu ya kipenyo cha sentimita 10 iliyoinama nyuzi 23.5, na Mwezi mdogo kwenye waya. Chini ya mkono yapo makapi mawili (vigurudumu vya kupitishia mkanda) yaliyolingana ukubwa, moja limekazwa chini ya balbu lisizunguke, la pili liko chini ya globu, na mkanda wa raba umeyaunganisha. Mkanda huo ndio roho ya kifaa. Ndio unaofanya mhimili wa Dunia uelekee upande uleule mwaka mzima: ncha ya kaskazini ikitazama dirisha mwezi Juni, Desemba nayo itazame dirisha hilohilo. Raba ikilegea, na kwa joto la pwani hailegei taratibu, globu inageuka pamoja na mkono, ncha ya kaskazini haiachi kulitazama Jua, na majira hayabadiliki tena.

Dawa ni rahisi. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye upana wa milimita 4, upitanishe ncha zake sentimita 1, ubandike kwa gundi ya kuzibia pancha. Usifunge fundo, maana likifika kwenye kapi mkanda unaruka. Skrubu za chuma zipate tone la mafuta ya cherehani kabla chumvi ya bahari haijazila, ila mafuta yasiguse mkanda.

Kisha pima balbu kwa rula. Inatakiwa iwe sawa na kitovu cha globu. Ikizidi sentimita 1 tu kwenda juu, jua la utosi linasogea kaskazini nyuzi 2.3, na tarehe ya Februari ya jua la utosi Mtwara inawahi kwa siku kama 6.

Sasa weka alama ya Mtwara: milimita 9 chini ya ikweta, pale pwani ya Tanzania inapokutana na Msumbiji. Gundisha hapo kipande cha njiti ya kiberiti cha milimita 5, kisimame wima. Peleka mkono kwenye 22 Februari, zungusha globu mpaka Mtwara iielekee balbu: kivuli kinaisha kabisa. Kinaisha tena 20 Oktoba. Kati ya Oktoba na Februari kivuli cha adhuhuri kinaangukia kaskazini, na miezi minane iliyobaki kusini. Hakikisheni kwa fimbo uwanjani, lakini si saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo 45, Mtwara iko karibu 40, kwa hiyo jua linafika utosini kama saa 6:33 mchana mwezi Februari na saa 6:04 mwezi Oktoba.

Mipaka ya mwanga msiiamini. Balbu iko karibu mno, haiangazi nusu nzima ya globu; mchana wa saa 24 mwezi Juni unaanzia latitudo 78 badala ya 66.5.

Mwezi ndio udhaifu mkubwa. Kwa bamvua (maji kujaa na kupwa sana) na maji mafu (kujaa na kupwa kidogo) unafaa, mradi mwalimu aongeze kwamba bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu, jambo ambalo watoto wa wavuvi wa Shangani, Mtwara, watamsahihisha asipolisema. Kwa kupatwa, hapana: Mwezi unapita bapa, usawa uleule wa Jua na Dunia, kwa hiyo unapatwa kila mwezi. Uondoeni. Chukueni korosho isiyobanguliwa yenye urefu wa kama sentimita 2.7, mwanafunzi aishike mita 3 kutoka kwenye globu. Huo ndio ukubwa na umbali wake halisi kwa kipimo hiki. Njia ya Mwezi imeinama nyuzi 5.1, ambazo kwa mita 3 ni hadi sentimita 27 juu au chini, na miezi mingi kivuli cha Dunia kinapita bila kuigusa korosho. Jua lenyewe lingekaa mbali kiasi cha viwanja 11 vya mpira kama wa Nangwanda, Mtwara, vikipangwa mstari.

Zipo modeli zilizobandikwa Zuhura na Mshtarii pembeni. Mapambo tu, msilipie zaidi.

Dukani, kabla ya kutoa hela, elekeza ncha ya kaskazini mlangoni na zungusha mkono mzunguko mmoja polepole. Ncha ikiacha kutazama mlango popote njiani, mwambie muuzaji afungue boksi jingine.