Tathmini ya seti ya kumkalisha abiria vizuri kwenye pikipiki: siti, egemeo na mabano ya vikanyagio

Seti ninayoitathmini ina vitu vitatu: siti ya abiria iliyotengana na ya dereva, egemeo la mgongo linalofungwa kwenye keria, na mabano mawili ya kushushia vikanyagio. Tangazo lake limejaa picha za siti, lakini kilichomfaa abiria wangu kuliko vyote ni yale mabano, ambayo muuzaji anayataja mwishoni kama nyongeza tu.

Pikipiki nyingi zina vikanyagio vya abiria vilivyopandishwa juu, kwa hiyo mtu mwenye miguu mirefu hukaa amekunja magoti kupita kiasi, na uzito wake wote humwelemea makalioni kwa kuwa miguu haiwezi kuupokea. Mabano haya huvishusha kwa takriban sentimita 4, na tofauti hiyo inamwezesha abiria kujiinua kidogo anapoona tuta mbele. Kabla ya kukaza bolti, mkalishe abiria mwenyewe na uangalie kisigino chake kiko umbali gani na bomba la moshi. Kwangu nafasi iliyobaki haikuzidi upana wa vidole viwili, nikalazimika kufunga kinga ya bati ambayo, kwa maoni yangu, ingepaswa kuwemo kwenye seti.

Siti ukiibonyeza kwa kidole gumba utaiona ngumu, na huenda ukairudisha rafuni. Ugumu huo ndio ubora wake, kwani sponji laini hubonyea mpaka abiria akawa anakalia plastiki iliyo chini yake, ilhali hii inabaki na unene wake hata baada ya mwendo mrefu. Tena imelala sawa badala ya kuinamia mbele, hivyo abiria hamsererekei dereva kila breki inaposhikwa. Kasoro yake ni mshono uliopitishwa katikati ya kava: mvua ikinyesha, maji hupenya hapo na sponji huchelewa kukauka.

Egemeo sikulipenda. Limekaa nyuma mno, na abiria akilifuata ili apumzishe mgongo, uzito wake unasogea kuelekea nyuma ya ekseli, jambo linalolifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi na usukani kupoteza uthabiti. Isitoshe, seti haina vishikio vya pembeni, ilhali egemeo halimsaidii mtu breki inaposhikwa ghafla, kwa sababu wakati huo mwili huenda mbele.

Karatasi ya maelekezo inaishia kwenye bolti na nati, na haisemi neno juu ya shokapu. Hata siti iwe nzuri namna gani, shokapu za nyuma zikiwa zimeachwa kwenye mpangilio wa mtu mmoja, kila shimo litamfikia abiria uti wa mgongo, kwani springi hubonyea zikafika mwisho. Kwenye pikipiki yenye shokapu mbili zinazorekebishika, zungusha pete ya chini ya springi kwa spana ya ndoano hadi hatua ngumu zaidi, na uhakikishe kwamba pande zote mbili ziko kwenye hatua ileile. Upepo wa tairi la nyuma nao huongezwa kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mwongozo kwa ajili ya watu wawili, ukipimwa tairi likiwa bado baridi. Baada ya hapo kagua kulegea kwa cheni, kisha taa kubwa, kwa kuwa nyuma ikididimia mwanga hupanda na kuwapiga machoni wanaokuja mbele yako.

Kama muuzaji angekubali kuvitenganisha, ningechukua siti na mabano na kumwachia egemeo lake, kisha nikatafuta vishikio imara vinavyofungwa kwenye fremu. Anayeichukua seti nzima asogeze egemeo hadi tundu la mbele kabisa la keria, na azikague tena bolti za mabano baada ya safari za mwanzo, maana mtikisiko huzilegeza.