Kipimajoto cha mafuta au cha koili: kipi kilinde transfoma?

Kipimajoto cha mafuta hakina makuu. Kihisi chake hukaa sehemu ya juu ya tangi la transfoma, yanakopanda mafuta ya kupoza yaliyo moto zaidi, na mshale husoma bila kuhitaji umeme. Kasoro yake ni uzito wa mafuta yenyewe: mzigo ukiruka ghafla, koili, yaani nyaya zilizozungushwa zinazobeba mkondo, hupata moto ndani ya dakika chache, ilhali mafuta huchukua saa kadhaa kufuata. Mshale umetulia, karatasi inayohami koili inateketea.

Cha koili hutumia ujanja. Hupima mafuta yaleyale, kisha kihita kidogo kinacholishwa na transfoma ya mkondo (kifaa kidogo kinachotoa mkondo unaolingana na ule wa mzigo) huongeza joto kulingana na mzigo. Ni makadirio tu. Kikirekebishwa vibaya, kinadanganya. Hata hivyo, feni na kukata umeme ningekikabidhi hiki, kwa sababu kinachozeeka ni karatasi: ile ya kawaida, kila nyuzi 6 za Selsiasi zinapozidi 98, kasi ya kuchakaa huongezeka maradufu.

Cha mafuta kisiondolewe. Radieta ikiziba au pampu ikifa, husema kweli bila kukisia. Kwa transfoma ndogo, hicho pekee mara nyingi kinatosha.