Zipfile ya Python: kusoma jedwali moja bila kufumua zipu nzima

Msimu wa korosho unapoanza, hapa Mtwara mjini mimi hupokea takwimu za mizani kutoka AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za Newala na Tandahimba, zikiwa zimebanwa katika faili moja la zipu lenye mamia ya majedwali, kila ghala na kila siku jedwali lake. Kwa misimu mitatu nimeyasoma kwa zipfile, maktaba (mkusanyo wa msimbo ulioandikwa tayari) inayokuja pamoja na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, bila kupakua kitu kingine chochote. Kwa sisi tunaonunua intaneti kwa vifurushi, hilo si jambo dogo.

Ubora wake unatokana na umbile la zipu, muundo ulioanzishwa na Phil Katz mwaka 1989. Kila faili la ndani hubanwa peke yake, na mwishoni huwekwa orodha kuu yenye jina la kila faili, ukubwa wake na mahali linapoanzia. Maktaba huisoma orodha hiyo kwanza, kisha huruka moja kwa moja hadi kwenye faili ulilolitaja, kwa hiyo nikitaka mizani ya ghala moja la Kitangari silazimiki kuyamwaga mengine yote diskini. Faili la tar lililobanwa kwa gzip, njia nyingine ya kufunga mafaili pamoja, halina orodha ya namna hiyo, na jedwali la mwisho hulifikii mpaka uyapitie yote yaliyotangulia.

Amri ya read hurudisha faili zima kwa mkupuo, ilhali open hukupa mkondo wa kusoma mstari kwa mstari, na kwenye kompyuta yangu yenye memori ya gigabaiti 4 nimejizoeza kutumia ya pili. Ieleweke kwamba zote mbili hutoa baiti, si maandishi: mkondo huo sharti uuvishe TextIOWrapper, zana ya Python inayogeuza baiti kuwa maandishi, na kutaja UTF-8, yaani namna herufi zilivyoandikwa kwa baiti, jambo lililonipotezea jioni nzima nilipoanza. Kurudi nyuma ndani ya mkondo kunawezekana tangu toleo la 3.7 la Python, ila ukirudi mbali maktaba huanza kufumua upya kutoka mwanzo.

Ninachokithamini zaidi ni ukali wake. Kila faili hulinganishwa na tarakimu yake ya uhakiki, CRC-32, na likisomwa hadi mwisho likaonekana limeharibika, kosa hutangazwa. Msimu uliopita zipu moja ilikatika njiani mtandao ulipopotea. Kwa kuwa orodha kuu hukaa mwishoni, maktaba ilikataa kuifungua kabisa. Ni heri kukataliwa hivyo kuliko kupewa jumla ya kilo iliyopungua, maana nyuma ya kila mstari yupo mkulima anayesubiri malipo yake.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye nywila. Hufungua zipu zilizofungwa kwa usimbaji wa zamani tu, tena polepole sana, kwa sababu sehemu hiyo imeandikwa kwa Python yenyewe. Zile za AES, usimbaji mpya na imara zaidi, haiziwezi, wala haiwezi kuunda zipu yenye nywila. Ofisi moja hututumia za AES kila wiki, na hizo hunibidi nizifumue kwanza kwa programu ya 7-Zip, nikijaza diski kwa majedwali ambayo mengi yake sitayasoma.