Waridi la kutambaa kwa bustani ya Mombasa: ununue lipi?

Waridi tunalijua kwa vikuba na marashi, lakini kulikuza uani Mombasa kuna shida yake. Ardhi yetu ya matumbawe imejaa chokaa, visima vingi vina chumvi, na masika yakishika majani hushinda yameloa. Ndipo ugonjwa wa madoa meusi unapoingia, majani yakapukutika, ukabaki na miiba mitupu. Kwa hiyo kabla ya ua, mimi hutazama jani.

Namba moja kwangu ni Flower Carpet la pinki, ambalo Wajerumani huliita Heidetraum. Lilizalishwa na mkuza waridi Noack huko Ujerumani, na nasaba yake ndiyo iliyonivutia. Mzazi wake mmoja ni Immensee. Immensee naye ametokana na The Fairy, waridi la Uingereza la 1932, na mche wa Rosa wichurana, waridi-mwitu la Asia Mashariki litambaalo hata kandokando ya bahari. Humo ndimo kulala chini na jani lile dogo linalong'aa vilimotoka. Mwaka 1990 lilifaulu majaribio ya ADR, ambapo waridi huchunguzwa kwa miaka katika bustani mbalimbali za Ujerumani. Halipiti sana sentimita 80, na hufunika ardhi vizuri.

La pili ni Drift, kazi ya familia ya Meilland ya Ufaransa, wakuza waridi waliochanganya waridi tambazi na waridi dogo. Kimo chake ni kama sentimita 45. Kama una baraza tu, au kijisehemu kando ya njia, chukua hili. Ila kwenye chungu litataka maji kila siku ya kaskazi.

Knock Out naliweka la tatu kwa sababu ya kimo peke yake, maana hupita mita moja. Kwa ugonjwa ni shujaa. William Radler wa Marekani alikuwa akikusanya majani yenye madoa meusi, akiyakausha na kuyasaga, kisha akiinyunyizia miche yake unga ule; iliyougua aliitupa. Knock Out lilitoka sokoni mwaka 2000.

The Fairy lenyewe nunua ikiwa una kivuli cha alasiri, kwani jua kali hulipausha rangi.

Waridi la shada, kama yale ya Naivasha, liache. Lilizalishwa kwa ajili ya shina refu, na hustawi kwenye hewa ya bara. Nilinunua mawili kando ya barabara, na masika ya pili hayakuyaacha.

Kitaluni, uliza jina la aina. Geuza majani ya chini utafute madoa. Jani la manjano lenye mishipa ya kijani ni dalili ya chokaa kuzidi. Tazama shina karibu na udongo: kukiwa na fundo, mche umebebeshwa, yaani umeungwa juu ya shina la waridi jingine, na chipukizi lolote chini ya fundo si la waridi ulilolipia. Shimoni tia samadi iliyooza sawasawa, na umwagilie asubuhi, shinani, kwa maji ya mvua ukiyapata.